Kabla Hujalipia Tai wa Mjerumani

Tai wangu wa kwanza, yaani beji ya kofia ya askari wa Mjerumani yenye umbo la tai, nilimnunua Himo, pale njia panda ambapo mabasi ya Rombo, ya Holili na ya Dar es Salaam yanaachana. Kijana mmoja wa vyuma chakavu alinivuta pembeni, akafungua leso, akanong'ona: "Shikamoo mzee. Huyu ni wa Mjerumani, kachimbwa Kahe. Kwako laki mbili, tuongee." Tukaongea mpaka elfu sitini. Nilirudi naye nyumbani kwenye mfuko wa shati, nikitembea kama mtu aliyebeba yai. Wiki mbili baadaye sonara mmoja wa Moshi mjini alimgeuza, akamtazama mgongoni kwa nusu dakika, akanirudishia. "Huyu kamiminwa juzi, mangi. Angalia mapovu."

Nayaandika haya ili wewe uyaone mapovu kabla hujatoa elfu sitini yako.

Kwanza, ni kweli kwamba eneo letu lina vitu hivi. Vita vya kwanza vya dunia vilipita uani kwetu. Agosti 1914 Wajerumani waliichukua Taveta, na kwa mwaka mmoja na nusu mpaka huu wa Holili ulikuwa uwanja wa mapambano. Tarehe 12 Februari 1916 Waafrika Kusini walipigwa mlima Salaita. Mwezi mmoja baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 12 Machi, walipigania vilima vya Latema na Reata, ng'ambo ya Holili. Humo walikuwamo Warodesia, Wabaluchi kutoka India na kikosi cha tatu cha King's African Rifles, KAR, ambao wazee wetu waliwaita Keya. Jeshi la Waingereza chini ya jenerali Smuts likashuka Himo, likaingia Moshi katikati ya mwezi huo, na tarehe 21 likapigana Kahe. Maelfu ya watu kutoka mabara matatu walikaa kwenye mahema hapa, wakipoteza vifungo, vipande vya mikanda na beji za kofia. Kwa hiyo muuzaji anaposema "imechimbwa Kahe" hasemi jambo lisilowezekana, na ndiyo maana sentensi hiyo inauza sana.

Sasa fanya hesabu ndogo. Vita vilipoanza, askari Waafrika wa jeshi la Wajerumani walikuwa karibu 2,500, na hata jeshi lilipokuwa kubwa kabisa, mwaka 1916, walikuwa kama 11,000. Wapagazi, ambao ndio waliokuwa wengi na ndio waliokufa kwa wingi, kwa kawaida hawakupewa beji. Kumbukumbu yao kubwa ni jina la Kariakoo, lililotokana na jeshi la wapagazi la Waingereza, Carrier Corps. Ukigawa tai wa wale askari wachache kwa miaka zaidi ya mia moja ya kutu, kuyeyushwa na kupotea, utashangaa wanaouzwa leso kwa leso kutoka Himo mpaka Arusha wametoka kiota gani. Vita vya pili ni habari nyingine. Karibu watu 87,000 wa Tanganyika walivaa sare kati ya 1939 na 1945. Kila tarafa ya mlima huu wa Kilimanjaro ina kasha la bati chini ya kitanda lenye kitu cha babu aliyekwenda Uhabeshi au Burma. Anayeanza aanzie huko, amwache Mjerumani mpaka macho yake yakomae.

Kabla ya kuanza, kuna mali ambayo hutakiwi kuigusa kabisa, nayo ni ya JWTZ. Jeshi letu liliundwa Septemba 1964, baada ya maasi ya Januari mwaka huo yaliyolivunja lile la Tanganyika Rifles. Sare zake, vyeo vyake na beji zake za sasa si vitu vya mkusanyaji. Sheria ya Ulinzi wa Taifa na Kanuni ya Adhabu zinamkataza raia kuwa nazo bila ruhusa, na Agosti 2023 Jeshi lilitoa siku saba kwa wananchi wenye mavazi ya kijeshi wayasalimishe kwenye kambi na vituo vya polisi. Usije ukasema ulikuwa mpenzi wa historia. Mtu akikuletea kofia ya mabaka yenye nembo, hata kwa bei ya karanga, mwambie hapana, na usibaki pale kuipigapiga picha. Nishani za vita vya Kagera nazo ziache vifuani mwa waliozipata.

Jingine ni kuchimba. Kuna vijana wanaokodisha mashine za kutafutia vyuma na kushinda maporini kati ya Kahe na Holili. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka leseni kwa anayechimba mabaki ya kale, lakini sheria si sababu pekee ya kukaa mbali. Risasi na makombora yaliyolala ardhini hayajui kwamba vita vimekwisha. Isitoshe, wengi waliokufa pale hawakupata kaburi lenye jina. Makaburi ya vita ya Moshi na Taveta, yanayotunzwa na tume ya Jumuiya ya Madola, yanatembelewa bure. Nenda siku moja, ukasome majina ya vikosi kwenye mawe. Utajifunza humo vifupisho ambavyo baadaye utavikuta kwenye ukingo wa nishani, na utakuwa umewasalimu wenyewe.

Tuje kwenye chuma. Beji halisi ya enzi zile, iwe ya kofia, ya kola au zile herufi za KAR za begani, kwa kawaida haikumiminwa. Bamba jembamba la shaba liliwekwa juu ya kalibu ya chuma kigumu na kugongwa kwa mashine nzito. Kwa hiyo mgongo wa beji ni kivuli cha uso wake: palipoinuka mbele, nyuma pamebonyea. Kingo ni kali, mistari ya manyoya au ya nyuzi za baragumu inahesabika, na kitu chenyewe ni chepesi kuliko ulivyotegemea. Fundi wa kughushi hana mashine ya kugonga. Anachukua beji moja, anaikandamiza kwenye udongo au mchanga, anamimina shaba iliyoyeyuka. Matokeo ni mgongo uliosawazika kama chapati, uzito wa ziada, kingo zilizolegea, na vitundu vidogo kama vya maandazi pale hewa ilipotafuta njia ya kutokea. Hayo ndiyo mapovu ya sonara wangu. Tai wangu alikuwa nayo saba, matano yakiwa chini ya bawa la kushoto. Nilikuwa nimemtazama usoni siku kumi na nne bila kumgeuza hata mara moja.

Basi kanuni yangu ya kwanza ni hii: geuza. Muuzaji anayekuonyesha uso na kushikilia mgongo, muage.

Ukishageuza, tazama namna ilivyokuwa inashikwa kwenye kofia. Utakuta vitanzi viwili vya waya wa shaba nyekundu, au ulimi mmoja wa bamba unaoingia kwenye mpasuo wa kitambaa. Kiungo chake kiwe kidogo, safi na cha umri mmoja na beji. Ukikuta risasi ya kulehemu inang'aa kama ya fundi redio, kuna mtu amefika pale kabla yako. Inawezekana ni matengenezo ya kweli. Askari naye alivunja vitu. Ila bei ishuke.

Vifaa havihitaji duka. Sumaku ya spika mbovu ya redio inatosha: shaba, fedha na shaba nyeusi hazivutwi, kwa hiyo beji ya "shaba" inayorukia sumaku ni bati lililopakwa rangi. Chukua na lenzi ya kusomea ya wazee. Ukipata rafiki fundi mchonga vyuma, muombe kile kipimo chake cha kubana. Kazi yake nitakuambia kwenye nishani.

Kisha uchakavu. Beji ya askari ilisuguliwa kwa Brasso kila kukicha, kwa hiyo imelika mahali kidole kilipopita: kwenye pua ya mnyama, kwenye kilele cha taji, kwenye namba. Penye mabonde bado pana ukoko mweupe wa Brasso iliyokauka. Uchakavu wa kughushi unakuwa sawa kila mahali, kama rangi. Kutu ya kijani iliyoenea mbele na nyuma kwa kiasi kilekile, na harufu kali ukiisogeza puani, ni asidi ya betri na siku tatu kwenye shimo la mbolea. Ukishanunua ya kweli, tafadhali usiisugue. Nimeona kifungo cha miaka mia kikipelekwa kwa Brasso na mjukuu mwenye nia njema, kikarudi kinameremeta kama cha juzi. Thamani yake ilibaki kwenye kile kitambaa.

Mataji yanasaidia kupanga umri wa vitu vya Waingereza. Taji la wafalme, lililotumika kuanzia 1901 mpaka Elizabeth alipotawazwa, limeumuka juu kama kitumbua. Lile la malkia, lililofuata kuanzia 1953, limebonyea katikati. Mtu akikuuzia kifungo cha "vita vya Mjerumani" chenye taji lililobonyea, kakikosea miaka karibu arobaini. Mtego mpya ni kwamba tangu 2022 Charles III amerudisha taji lililoumuka, na viwanda vinagonga beji mpya zenye sura ya babu yake. Kwa hiyo taji linakataa tu, halithibitishi. Vivyo hivyo beji nyepesi sana za alumini yenye mng'ao wa dhahabu usiochujuka: hizo zilianza miaka ya hamsini. Hazikufika Latema.

Nishani ndizo ninazozipenda kuliko vyote, kwa sababu zinasema. Nishani ya Waingereza ya vita vya 1914 hadi 1918, ile ya fedha yenye sura ya mfalme George wa tano, ina kipenyo cha milimita 36. Kwenye ukingo, si usoni, imegongwa namba, cheo, jina na kikosi cha mtu mmoja. Ishike kwenye mwanga wa dirisha na uizungushe taratibu kama unayetafuta ufa kwenye kikombe. Herufi ziwe zimezama sawasawa na zilingane umbo. Wajanja huchukua nishani ya mtu asiye na kisa, wanakwangua jina kwa tupa na kugonga la kikosi chenye wanunuzi. Tupa hula chuma, na hapo ndipo kipimo cha fundi kinapoingia: pima kipenyo mahali palipoandikwa, kisha pasipoandikwa. Tofauti ya hata nusu milimita inakuambia kuna jina lilikuwa hapo kabla. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, bei ya fedha ilipopanda duniani, nyingi ziliyeyushwa kwa ajili ya uzito wake tu, majina na yote.

Vita vya pili ni kinyume, na wanaoanza huanguka hapa. Nyota za shaba zenye pembe sita, kama Africa Star na Burma Star, pamoja na nishani ya vita ya 1939 hadi 1945 yenye simba aliyesimama juu ya joka, Waingereza waliwapa askari wao na wa makoloni bila jina. Waafrika Kusini, Wahindi na Waaustralia waliandikiwa majina. Askari wa KAR hakuandikiwa. Nyota ya Burma yenye jina la Mchaga lililochongwa vizuri nyuma yake inaweza kuwa halisi kama nyota, lakini jina aliliweka mwenyewe au mwanawe, au aliliweka muuzaji jana. Usilipie jina.

Vitambaa nitavipitia haraka. Askari wengi wa kwetu waliokwenda Burma walikuwa divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, na alama yao ya begani ilikuwa kichwa cha kifaru. Ile tochi ya zambarau ambayo wakala wa pesa hukagulia noti inafaa sana: uzi wa zamani wa pamba au sufu kwa kawaida haung'ai, wa kisasa unawaka kama jino kwenye disko. Sabuni za unga za siku hizi nazo zinang'arisha, kwa hiyo kitambaa kilichofuliwa kinaweza kukudanganya. Ukiruhusiwa, vuta unyuzi mmoja kutoka nyuma na uuchome: pamba inanuka karatasi na kuacha majivu, nailoni inajikunja kuwa kishanga kigumu.

Sasa hadithi. Kila kitu unachouziwa Himo kina hadithi, na hadithi ndiyo inayopandisha bei: kachimbwa Kahe, kakutwa kwenye pango, ni cha babu aliyembebea bunduki Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Kuna kisa kinachosimuliwa sana juu ya mwaka 1964, Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa askari wake wa zamani waliokuwa bado hai. Wazee mamia walijipanga Mwanza mbele ya mlipaji. Wachache walikuwa na vyeti, wengine walikuja na matambara ya sare. Matambara hayakutosha. Inasemwa mlipaji aliwapa ufagio mmoja mmoja na kuwaamuru kwa Kijerumani washike silaha, na hakuna aliyekosea. Kisa hiki nakitumia kila ninapokunjuliwa leso. Muulize muuzaji maswali ambayo matambara hayawezi kujibu: shamba la nani, mwaka gani, vingine vilivyotoka pamoja nacho viko wapi, nani alikishika kabla yako. Anayejua atajibu kwa mkato na pengine ataboa. Asiyejua atakuongezea Mjerumani mwingine. Na mazungumzo yakishafika kwenye utapeli wa rupia na zebaki, usiage hata kidogo, panda gari.

Picha za simuni zinakubalika kwa kuanzia tu. Omba ya mbele, ya nyuma na ya ukingo, zote na rula pembeni, na usitume pesa kabla kitu hakijawa mkononi mwako. Wa Taveta wanaweza kuvuka na mzigo wao Holili. Ukinunua upande wa kule, pita forodhani ukitangaze kitu chako, mchana, kama mtu anayenunua kitu halali.

Sehemu ngumu ni ya familia, na hapa sina mbinu, nina adabu tu. Vitu bora vya mlimani haviko njia panda, viko Marangu, Kilema, Mwika, kwenye makasha ya wajane. Miaka kadhaa iliyopita kijana aliniletea nishani ya fedha yenye jina la babu yake ukingoni. Nilipima, nikageuza, kila kitu kilikuwa sawa, nikalipa nikiwa na furaha. Siku ya tatu shangazi yake aliteremka na daladala ya kwanza. Hakupiga kelele. Aliketi, akapokea chai, akaniuliza kama najua kwamba babu mwenyewe amezikwa kwenye kihamba na kwamba nishani hiyo ndiyo kitu chake pekee kilichobaki. Nilimrudishia. Pesa yangu ilirudi nusu, na sikuidai iliyobaki.

Tangu hapo sinunui kitu chenye jina kwa mtu mmoja. Nenda nyumbani, toa shikamoo, kaa. Uliza nani mkubwa wa ukoo na kama wote wamekubali. Andikeni hati ya mauziano mbele ya balozi au mtendaji, iwe na jina la aliyevaa, si la anayeuza tu. Piga picha na uwaachie nakala. Ukiona bibi anakishika kitu kile kwa mikono miwili kabla ya kukupa, shukuru kwa chai, uondoke bila kutaja bei.

Bei sitakupangia, kwa sababu Himo hakuna soko la beji, kuna watu wawili wanaobahatisha. Ila usianze na kinachozidi pesa unayoweza kuipoteza bila kugombana nyumbani. Anza na vifungo. Ni vidogo, ni vingi, ni rahisi, na hakuna anayehangaika kughushi kitu cha elfu chache. Mgongoni mwa vingi utakuta jina la kiwanda cha Birmingham au London. Jina hilo peke yake si hati, maana nalo hunakiliwa, lakini ukishashika vifungo ishirini vya kweli, kidole chako kitakuwa kimejifunza wembamba wa bamba na ukali wa ukingo ambao mimi siwezi kukuandikia hapa.

Yule kijana wa leso bado anapita njia panda. Mwaka jana alinimwagia bati la skrubu na nati za baiskeli nichague bawaba, na katikati yake kulikuwa na kifungo cha jeshi la Waingereza, simba na nyati wa pembe moja wakiwa na ngao katikati, taji limeumuka, mgongoni Birmingham, na Brasso ya kale kwenye mabonde. Nilimuuliza kimetoka wapi. Akasema hajui, kilikuja na vyuma vingine, nimpe elfu tatu.